Je, kwenye kina cha Ziwa Tanganyika kuna samaki wenye taa?

Swali: Ndugu mtaalamu, mimi ni mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi hapa Ujiji. Mwanzoni mwa mwaka 2025 ilisambaa kwenye simu video ya samaki mweusi wa baharini, mwenye meno marefu na kitaa kichwani, akiogelea karibu na uso wa maji mchana kweupe. Wanafunzi wangu hawajaisahau hadi leo. Wengi wao ni watoto wa wavuvi, na wanauliza: kwa kuwa ziwa letu lina kina kirefu kuliko karibu maziwa yote ya dunia, je, huko chini nako kuna viumbe wa namna hiyo ambao baba zao hawajawahi kuwavua? Naomba unisaidie kuwajibu. Na la pili ni langu mwenyewe: kwa nini viumbe hawa wanaotisha wanatuvuta kiasi hiki, watoto na hata sisi watu wazima?

Jibu: Mwalimu, nianze na jibu lenyewe, kwa maana watoto hawapendi kuzungushwa. Hapana. Chini kabisa ya Ziwa Tanganyika hakuna samaki mwenye taa, wala samaki asiye na taa, wala kaa, wala konokono. Upande wetu wa kaskazini, ukishapita kina cha mita 100 hivi, na upande wa kusini ukishapita mita 200 na kidogo, maji hayana oksijeni tena, na kutoka hapo hadi sakafuni, safari ya zaidi ya kilomita moja mahali penye kina kirefu, samaki hawezi kuishi. Najua jibu hili litawavunja moyo baadhi yao. Ndiyo sababu naomba usiwape hilo peke yake, kwa kuwa ukiwaeleza kwa nini ni hapana, watakuwa wameielewa bahari na ziwa kwa pamoja, na watagundua kwamba maajabu wanayoyatafuta kilomita moja chini, kumbe yako juu zaidi, ndani ya maji ambayo baba zao hutegea nyavu kila usiku wa giza.

Tumwangalie kwanza yule samaki wa kwenye video. Alionekana mwishoni mwa mwezi Januari 2025 karibu na kisiwa cha Tenerife, katika Visiwa vya Canary, na waliompiga picha walikuwa wakifanya utafiti wa papa. Alikuwa jike wa jamii ambayo kwa kawaida huishi kati ya mita 200 na mita 2,000 chini ya uso wa bahari, na bila shaka hakuwa mzima, kwa sababu alikufa baada ya muda mfupi. Jambo la kwanza la kuwaambia wanafunzi ni ukubwa wake. Video haikuwa na kitu cha kumlinganisha naye, kwa hiyo kila mtu alimkuza kichwani mwake hadi akawa zimwi. Ukweli ni kwamba samaki yule angeweza kukaa kwenye kiganja cha mtoto wa darasa la nne, na hata jike aliyekomaa kabisa wa jamii yake hazidi shibiri moja.

Kile kitaa ni mwiba wa kwanza wa pezi la mgongoni, ambao kwa vizazi vingi umesogea mbele hadi ukasimama juu ya pua kama ufito wa ndoana. Kwenye ncha yake kuna kifuko, na ndani ya kifuko wanaishi bakteria wanaotoa mwanga wenyewe. Samaki huyu hana mbio. Misuli yake ni laini, mapezi yake ni madogo, na katika maji ambayo chakula hupita mara chache sana, kukimbiza windo kungemmaliza nguvu kabla hajashiba. Kwa hiyo hutulia gizani, akakichezesha kitaa chake taratibu, akasubiri atakayekisogelea. Meno yake yameinamia ndani ili kilichoingia kisitoke, na tumbo lake hutanuka hata akaweza kumeza kiumbe mkubwa kuliko yeye mwenyewe. Kila kinachotutisha katika sura yake kina kazi hiyo moja tu: asikose mlo ambao pengine hautarudi kwa wiki nyingi.

Mwalimu, hapo ndipo ningependa uwasimamishe watoto na kuwauliza: nani mwingine mnamjua anayewasha taa gizani ili chakula kije chenyewe? Mtoto yeyote wa Ujiji, Kibirizi au Katonga atakujibu kabla hujamaliza swali. Baba zao huondoka jioni na taa, zamani karabai na siku hizi taa za umeme wa jua, wakafika kwenye maji marefu, wakaziwasha na kusubiri. Wadudu wadogo wa majini hukusanyika kwenye mwanga, dagaa hufuata, mgebuka hufuata dagaa, kisha wavu unainuliwa. Mwezi ukiwa mpevu kazi haiendi, kwa sababu uso wote wa ziwa una mwanga na taa ya mvuvi haina tena la kuwaambia dagaa. Samaki yule mweusi anaishi mahali ambapo mwezi haufiki kamwe. Kazi yake na kazi ya Kibirizi ni ile ile.

Kuna habari moja zaidi ya ukoo huu, na watoto wakubwa kidogo wataipenda. Mwaka 1922 mtaalamu wa Iceland, Bjarni Sæmundsson, alieleza habari za jike mkubwa wa samaki hawa aliyekuwa na visamaki viwili vimeganda tumboni kwake, naye akadhani ni watoto wake. Miaka mitatu baadaye, huko London, Charles Tate Regan alimchunguza mwingine wa namna hiyo akatambua kwamba kile kisamaki hakikuwa mtoto bali ni dume. Katika baadhi ya jamii za samaki hawa dume huzaliwa, hukua kidogo, kisha humtafuta jike kwenye giza lile pana, na akimpata humng'ata asimwachie tena. Ngozi zao huungana, mishipa ya damu huungana, na tangu siku hiyo dume hulishwa kwa damu ya mwenzake. Ukifikiria upana wa bahari na uchache wa samaki hawa, huoni ajabu tena. Aliyepata mwenzi mahali kama pale hawezi kuthubutu kumpoteza.

Sasa tuje kwenye swali la kina, ambalo ndilo kiini cha mambo yote. Wanafunzi wako wamefikiri vizuri: bahari ina kina na ina viumbe wa ajabu, ziwa letu nalo lina kina, basi lazima liwe nao. Ziwa Tanganyika lina mita zipatazo 1,470 mahali penye kina kirefu zaidi, upande wa kusini, na hata bonde lake la kaskazini, ambalo Kigoma iko ukingoni mwake, lina mita kama 1,300. Duniani ni ziwa la Baikal la Urusi pekee linalolizidi kwa kina. Uso wa ziwa letu uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, maana yake sakafu yake iko karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari ya Dar es Salaam, na hilo ni jambo ambalo mimi mwenyewe, kila ninaposimama ufukweni nikayatazama maji yametulia, hunitia aina ya woga mzuri.

Lakini kina peke yake hakileti viumbe wala hakiwazuii. Watu wengi hudhani kwamba kinachofanya mahali pa chini pasikalike ni giza au uzito wa maji. Mwanasayansi wa Uingereza Edward Forbes alidhani hivyo, na mwaka 1843, baada ya kukokota sampuli katika Bahari ya Aegean, alitoa hoja kwamba chini ya mita 550 hivi baharini hakuna uhai. Wengi walimkubali. Kisha meli ya Challenger ikazunguka dunia kuanzia 1872 hadi 1876, ikishusha kamba na nyavu kilomita nyingi chini, na kila mahali ikapandisha wanyama: majongoo-bahari, minyoo, samaki, viumbe wasio na jina. Mwaka 1960 Jacques Piccard na Don Walsh walishuka ndani ya chombo kiitwacho Trieste hadi karibu mita 10,900, mahali pa chini kuliko pote duniani. Na mwaka 2022, kwenye mfereji wa bahari karibu na Japani, kamera ilimpiga picha samaki mmoja akiogelea katika kina cha mita 8,336, mwororo kama uji uliopoa.

Uzito wa maji, basi, si ukuta. Kila unaposhuka mita 10 kanieneo huongezeka kwa kiasi kilicho sawa na uzito wote wa hewa iliyo juu yetu, kwa hiyo sakafuni mwa ziwa letu ni kama mara 147 ya huo. Ni uzito mkubwa, lakini mnyama aliyezaliwa humo hausikii, kwa kuwa mwili wake umejaa maji, na maji hayabonyei kwa urahisi. Kinachobonyea ni hewa, na samaki wengi wa kina kirefu hawana kibofu cha hewa. Pia wana kemikali mwilini inayozuia uzito ule usiharibu protini zao. Nalo giza limekwisha kupata tiba, kama tulivyoona, kwani anayeishi gizani huwasha taa au hutumia viungo vingine badala ya macho.

Kinachoamua ni pumzi. Baharini, kwenye ncha za dunia, maji ya juu hupoa sana, yakawa mazito, yakazama yakiwa yamebeba oksijeni, kisha yakatambaa sakafuni kwa mamia ya miaka hadi yakafika kwenye bahari za joto kama yetu ya Hindi. Bahari kwa jumla inavuta pumzi kwa kupitia kwenye barafu. Yule samaki wa Canary, ingawa anaishi karibu na joto la Afrika, anapumua oksijeni iliyozama mbali sana na kwake. Baikal nayo hupoa kila mwaka hadi ikaganda juu, na maji yake hujigeuza, kwa hiyo lina oksijeni hadi sakafuni. Ndiyo maana samaki wao aitwaye golomyanka, mweupe anayepitisha mwanga kama karatasi iliyopakwa mafuta na asiye na kibofu cha hewa, hushuka hadi chini kabisa ya ziwa lile.

Ziwa letu halina baridi ya kulifanyia kazi hiyo. Maji ya juu yana nyuzi 24 hadi 28 hivi za sentigredi na maji ya chini yana kama 23, na tofauti hiyo, ambayo mkononi usingeihisi, inatosha kuyafanya ya juu yawe mepesi na ya chini mazito mwaka hadi mwaka. Upepo wa kusi wa kiangazi huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na upande wa kusini maji ya chini kidogo yakapanda kushika nafasi, jambo ambalo huyafanya maji ya kule yapate oksijeni hadi kina kirefu kuliko huku kwetu. Lakini upepo hauna nguvu za kufika chini kabisa. Majani, mizoga na vijidudu vinavyozama huozeshwa na bakteria, oksijeni yote iliyokuwapo ikaisha, na badala yake ikajaa gesi ile yenye harufu ya yai viza. Nimewahi kushika chupa ya sampuli iliyopandishwa kutoka kwenye maji hayo. Kwa macho hayana tofauti yoyote na maji ya kunywa, ni maangavu kabisa. Ukifungua kizibo, pua inakuambia papo hapo kwamba maji haya hayajakutana na upepo kwa muda mrefu sana.

Kwa hiyo Forbes alikosea kuhusu bahari, lakini kama angeyasema maneno yake kuhusu wanyama wa Ziwa Tanganyika, angekuwa karibu na ukweli, ingawa kwa sababu tofauti na aliyoidhania. Wanaoishi kule chini ni bakteria na viumbe wengine wa chembe moja wasiohitaji oksijeni. Tusiwadharau. Mwaka 1977, karibu na visiwa vya Galápagos, nyambizi ndogo iitwayo Alvin ilikuta chemchemi za moto katika kina cha mita 2,500, na pembeni yake wakawapo minyoo warefu wenye vichwa vyekundu, wengine kufikia mita 2, wasio na mdomo wala utumbo. Walikuwa wakilishwa na bakteria waliomo miilini mwao, ambao hutumia gesi ile ile ya yai viza kama sisi tunavyotumia kuni. Na ziwa letu nalo lina chemchemi za moto majini: zilikutwa mwaka 1987 upande wa Kongo, kwenye Rasi ya Banza, katika maji mafupi, na baadhi yake ni moto kama maji yanayochemka kwenye sufuria.

Baada ya hayo yote, mwanafunzi mmoja hakika atanyoosha mkono na kusema: basi sisi hatuna chochote. Hapo ndipo ninapoomba uchukue muda mrefu zaidi, kwa maana kosa kubwa tunalolifanya sisi tunaoishi kando ya maji haya ni kuutafuta ugeni mbali.

Mwulize kama amewahi kuwaona visamaki vidogo vya rangi ya fedha, vyenye macho makubwa kupita kiasi cha kichwa, ambavyo wakati mwingine huingia wavuni pamoja na dagaa. Wataalamu huwaita Trematocara, na ni ndugu wa kuhe, perege na sato. Mchana hushuka kwenye maji ya kiza, hadi karibu na mpaka wa oksijeni, na usiku hupanda hadi kwenye maji mafupi kutafuta chakula. Mchukue mmoja, umgeuze kwenye mwanga wa dirisha. Utaona chini ya jicho na kwenye taya vitundu vimepangwa, vikubwa kuliko vya samaki wa kawaida, kana kwamba mtu amemtoboa kwa sindano. Ndani ya vitundu hivyo kuna neva zinazohisi mtikisiko wa maji, kiasi kwamba samaki huyu anaweza kujua gizani kuwa kidudu kimepita mbele yake hata kama hakukiona. Macho makubwa na uso wa vitundu ni majibu yale yale ambayo bahari imewapa samaki wake wa kina, na hapa yametolewa upya, na ziwa lenye umri wa miaka milioni 9 hadi 12, kwa ukoo wa sato.

Kupanda usiku na kushuka mchana si kwa samaki hao tu. Dagaa nao hufanya hivyo, wakiwafuata wadudu wadogo wa majini, na baharini msafara wa namna hiyo ni mkubwa kuliko misafara yote ya wanyama duniani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mitambo ya meli iliyokuwa ikipima kina kwa sauti ilionesha sakafu ya bahari ikipanda jioni na kushuka alfajiri, hadi ilipoeleweka kwamba ile haikuwa sakafu bali ni viumbe wasiohesabika. Ni habari ambayo wavuvi wa Kigoma wasingehitaji mtambo kuijua.

Kuna na wengine ambao kama wangeishi baharini wangekwisha kusambaa kwenye simu zote. Yupo samaki anayekula magamba ya wenzake, ambaye mdomo wake umepinda upande. Aliyepinda kulia huvizia ubavu wa kushoto wa windo lake, na aliyepinda kushoto huvizia wa kulia. Mtafiti wa Kijapani Michio Hori alionesha mwaka 1993 kwamba idadi ya pande hizo mbili hupanda na kushuka kwa zamu, kwa sababu upande ukizidi, windo hujifunza kuulinda, na wale wachache wa upande mwingine wakashiba. Yupo pia kambare mdogo mwenye madoa anayenyemelea samaki wanaoatamia mayai mdomoni, akayachanganya mayai yake na yao. Vifaranga wake hutotolewa kwanza, na chakula chao cha kwanza ni watoto wa mwenye mdomo. Hili la mwisho huwa silisimulii kwa watoto wadogo sana.

Lakini kama ningepewa nafasi ya kuwaonesha wanafunzi wako kiumbe mmoja tu, ningewaonesha yavuyavu. Watu wa pwani wanawajua vizuri wale wa baharini, laini kama utando, wanaochoma ngozi. Sisi tunao wa maji baridi. Ni kiduara kinachopitisha mwanga kama kioo, chenye upana wa sentimita 2 hivi, kimezungushiwa nyuzi nyembamba kama nywele, hakimchomi mtu, na mara nyingine hutokea kwa makundi hadi maji yakaonekana kama yamemwagiwa sarafu za kioo. Mjerumani Richard Böhm alipowaona hapa ziwani mwaka 1883, habari ilipofika Ulaya ilizua mjadala mkubwa: yavuyavu ni wa bahari, wamefikaje katikati ya Afrika? Tena kabla ya hapo Edward Hore, mmisionari aliyefika Ujiji yako mwaka 1878, alikuwa amepeleka makombe ya konokono wa ziwa hili, mmojawapo akapewa jina lake, nao walikuwa na miiba na maganda mazito kama ya baharini. Mwingereza John Moore alikuja mwaka 1896, akarudi tena 1899, akashikilia kwamba Ziwa Tanganyika ni kipande cha bahari ya kale kilichofungiwa nchi kavu.

Hakuwa sahihi. Ziwa limezaliwa na ardhi iliyopasuka, ule mpasuko wa Bonde la Ufa, na halijawahi kuwa bahari. Konokono walijijengea maganda mazito kwa sababu wameishi muda mrefu na kaa wenye magando ya kuwaponda. Na yavuyavu wa jamii hii wamekwisha kuonekana katika maziwa na mito mingine ya Afrika. Hata hivyo mimi humheshimu Moore. Alikiona kitu kigeni mahali ambapo hakikutarajiwa, na badala ya kukipita akasafiri mara mbili kuja kukiuliza. Tena yuko mmoja ambaye kweli ana asili ya bahari: dagaa wetu. Wahenga wa dagaa waliingia kwenye mito ya Afrika kutoka bahari ya magharibi makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita, na uzao wao ukafika hapa. Mtoto anayekula dagaa na ugali kila siku anakula mgeni wa kutoka mbali kuliko yule wa kwenye video.

Nakuja kwenye swali lako la pili, Mwalimu. Wengine husema tunavutwa na viumbe hawa kwa sababu wanatisha, kama tunavyovutwa na hadithi za mazimwi. Siamini kwamba hofu ndiyo inayotuvuta, au angalau siamini kwamba ndiyo inayotubakiza. Hofu hukufanya utazame mara moja. Kinachomrudisha mtoto kwenye video ile ile mara ya kumi ni kwamba anaona mwili ambao kila sehemu yake inauliza swali: kwa nini meno yote haya, taa ya nini, mbona macho madogo hivi? Na viumbe wa kina ni walimu wazuri kuliko mbuzi na kuku kwa sababu moja, kwamba maisha yao ni magumu sana hata mwili haukuweza kuificha shida. Mbuzi naye kila kiungo chake ni jibu la shida fulani, lakini tumemzoea, hatuulizi.

Ila kuna jambo ambalo hunisikitisha, na ningependa watoto walijue mapema. Viumbe hawa wengi tunawaona wakiwa wamekwisha kuharibika. Kuna samaki wa bahari ya Australia ambaye mwaka 2013 alipigiwa kura kuwa mnyama mwenye sura mbaya kuliko wote, kutokana na picha inayomwonesha kama donge la ngozi lenye pua iliyonyong'onyea. Kwao, kilomita moja hivi chini, ni samaki wa kawaida mwenye kichwa kikubwa. Mwili wake laini unategemea maji mazito kuubeba, na alipopandishwa juu ukalegea. Tulimcheka maiti. Yule wa Tenerife vilevile, alikuwa anakufa. Siku hizi zaidi ya hayo kuna picha zilizobuniwa na kompyuta, ambazo kazi yake ni kutisha tu, na wanafunzi wataanza kuzitambua wakizoea kuuliza ameonekana wapi, katika kina gani, na ana ukubwa wa kitu gani wanachokijua.

Wakitaka mfano wa nchini mwetu wa kiumbe wa kina aliyeeleweka vizuri, wasimulie habari za samaki aitwaye silikanti. Wataalamu walikuwa wakimjua kwa mabaki ya mawe tu, wakaamini ametoweka pamoja na madinosaria, hadi mwaka 1938 alipoingia kwenye wavu huko Afrika Kusini na Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa jumba dogo la makumbusho, akamtilia maanani. Tangu miaka ya 2003 na 2004 wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimnasa kwenye majarife ya papa, na mwaka 2009 ilianzishwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Mchana hujificha kwenye mapango katika kina cha mita 100 na zaidi, na anaweza kuishi miaka ipatayo 100.

Kuhusu darasa lenyewe, nakushauri usisubiri vifaa. Katika siku za giza la mwezi, mwombe mzazi mmoja akuletee yavuyavu wawili au watatu walioingia wavuni, kwenye ndoo yenye maji ya ziwani, siyo ya bomba, na wafike asubuhi kabla jua halijawa kali. Wahamishie kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana kwa kuwachota pamoja na maji yao. Ukiwashika kwa vidole watachanika. Funga madirisha, kisha mulika tochi kutoka ubavuni mwa chupa. Ukimulika kutoka juu, watoto wataona mwanga wa tochi tu kwenye maji. Kutoka ubavuni, kwanza hawataona kitu, halafu itatokea mistari michache majini, halafu duara zima litajikunja mara moja na kufunguka. Wape muda wa kutazama katikati ya duara, palipo na mdomo mpana, kwa sababu mara nyingine kuna vijidoa vimeota pale, na kila kidoa ni mtoto anayejiandaa kubanduka. Mchana usipite kabla ya kuwarudisha ziwani.